Lada haikuwa Fiat iliyobadilishwa jina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nirekebishe jambo moja lililosemwa katika makala ya hivi karibuni ya gazeti lako kuhusu magari ya zamani. Mwandishi wa makala hiyo, ambaye kwa mengine aliandika vizuri, aliitaja Lada ya miaka ya 1970 kwa sentensi moja tu, akisema kwamba ilikuwa Fiat iliyobadilishwa jina, kisha akahamia kwenye Volkswagen na Peugeot kana kwamba hapakuwa na zaidi la kusema. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi, gereji na hata darasani nilipokuwa nikifundisha ufundi wa magari, na kila mara nimeiona kuwa nusu ya kweli, tena ile nusu iliyoachwa ndiyo yenye faida kwa mtu anayetaka kujua gari husanifiwa vipi.

Nikiri kwanza kilicho kweli. Gari tunalolizungumzia, ambalo jina lake la kiwandani ni VAZ-2101, lilitokana na Fiat 124, sedani ya Kiitaliano iliyoanza kuuzwa mwaka 1966 na kuteuliwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa mwaka 1967. Mnamo Mei 1966 Fiat na serikali ya Kisovieti walitia saini protokali ya ushirikiano mjini Torino, na tarehe 15 Agosti mwaka huohuo mkataba kamili ukatiwa saini Moscow. Waitaliano walikubali kusaidia kujenga kiwanda kipya kabisa kando ya mto Volga, chenye uwezo wa kutoa magari 660,000 kwa mwaka, na sedani yao ikawa mfano wa kuanzia. Umbo la nje, milango minne, paa lililonyooka, buti la mraba, na hata namna dereva anavyokaa nyuma ya usukani, vyote ni vya 124. Anayeyaona magari haya mawili yameegeshwa pamoja hawezi kulaumiwa akidhani ni mapacha.

Hapa niseme jambo dogo la pembeni, kwa kuwa nalo hukosewa. Mji kilikojengwa kiwanda hicho unaitwa Tolyatti, kwa heshima ya Palmiro Togliatti, kiongozi wa Chama cha Kikomunisti cha Italia, na wengi hudhani jina hilo lilitolewa ili kuwafurahisha Fiat. Sivyo. Togliatti alifariki akiwa ziarani Yalta mwezi Agosti 1964, na mji uliokuwa ukiitwa Stavropol ukapewa jina lake mwaka huohuo, karibu miaka miwili kabla ya mkataba wa magari. Mji wenyewe ulikuwa umeshahamishwa mara moja, kwa sababu ule wa zamani ulimezwa na maji ya bwawa la Kuibyshev katika miaka ya 1950.

Sasa nirudi kwenye hoja. Kabla ya kuanza kuliunda gari hilo kwao, wahandisi wa Kisovieti waliomba wapewe Fiat 124 kadhaa, wakazipeleka katika uwanja wa majaribio wa Dmitrov, kaskazini ya Moscow. Huko kulikuwa na barabara zilizotengenezwa makusudi ziwe mbaya: barabara ya mawe yaliyopangwa ovyo, njia za matope, mabwawa ya maji ya kupita, na miinuko ya kila aina. Magari yaliendeshwa huko usiku na mchana na madereva ambao kazi yao ilikuwa moja tu, yaani kuyachosha. Hapo ndipo Fiat 124 ilipoanza kusema ukweli kuhusu nchi iliyotungiwa. Ilikuwa imebuniwa kwa lami ya Italia, kwa familia inayotoka Milano kwenda pwani mwisho wa wiki, na kwa lami hiyo ilikuwa gari zuri mno: jepesi, la haraka, lenye breki kali. Kwenye mawe ya Dmitrov bodi yake ilianza kupata nyufa, na sehemu zilizounganishwa kwa kuchomelewa zikaanza kuachia.

Kisa cha breki ndicho ninachokipenda zaidi, kwa sababu kinawashangaza wanafunzi kila mara. Fiat 124 ilikuwa na breki za diski kwenye magurudumu yote manne, jambo ambalo mwaka 1966 halikuwa la kawaida kwa gari la bei ya familia, na ambalo magazeti ya magari ya Ulaya yalilisifu sana. VAZ-2101 ilibaki na diski mbele, lakini nyuma ikawekewa breki za ngoma. Mtu akisoma jedwali la sifa za magari haya mawili ataona kama hatua ya kurudi nyuma, na nadhani mwandishi wa makala angeiita hivyo kama angelitazama jedwali hilo. Ukweli ni kwamba matope na mchanga uliorushwa na magurudumu ya mbele ulikuwa unaingia katikati ya diski na pedi za nyuma, ukazisaga kwa muda mfupi mno. Ngoma imefunikwa, mchanga hauifikii kwa urahisi, na kwenye barabara ya vumbi breki za namna hiyo hudumu. Wahandisi walichagua kifaa cha zamani zaidi kwa sababu ndicho kilichoweza kuishi mahali gari lilipokuwa linakwenda. Fundi yeyote wa kwetu aliyewahi kubadilisha pedi za gari linalofanya safari za barabara za udongo hahitaji kuelezwa zaidi.

Mambo mengine ya chini ya gari yalifuata mkondo huohuo. Gari lilinyanyuliwa, kiasi cha milimita 170 hivi kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa. Mfumo wa kubebea ekseli ya nyuma ulisanifiwa upya: katika Fiat ya awali shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma ilipita ndani ya bomba lililoshikamana na ekseli, lakini katika gari la Kisovieti bomba hilo liliondolewa, na ekseli ikashikwa kwa mikono mitano ya chuma, minne ikienda kwa urefu wa gari na mmoja kwa upana wake, pamoja na springi za mviringo. Bodi iliongezewa uimara katika sehemu zilizopasuka Dmitrov, na haya yote yakaongeza uzito hadi kufikia kilo 955, zaidi ya Fiat. Klachi na giaboksi navyo viliguswa. Idadi ya mabadiliko inayotajwa kwa kawaida ni zaidi ya 800, na ingawa hesabu ya namna hiyo hutegemea mtu anahesabu nini, anayefungua magari haya mawili na kuyaweka vipande vyake mezani ataona kwamba si maneno matupu.

Halafu kulikuwa na baridi. Nilisoma ufundi katika Umoja wa Kisovieti mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwalimu wetu wa injini alikuwa na Zhiguli, ambalo ndilo jina gari hilo lililopewa nyumbani, kutokana na vilima vya Zhiguli vilivyo ng'ambo ya Volga karibu na kiwanda. Asubuhi moja ya Januari, betri ikiwa imekufa kwa baridi, alitoka na hendeli ya chuma, akaipitisha mbele kwenye tundu lililo chini ya bampa, akaanza kuzungusha injini kwa mkono kama watu walivyokuwa wakiwasha malori ya zamani. Kabla ya hapo alikuwa amefungua boneti na kubonyeza mara kadhaa kiwiko kidogo kwenye pampu ya mafuta ili petroli ifike kwenye kabureta bila kuisumbua injini. Sisi tuliotoka nchi za joto tulicheka, tukaona ni ushamba. Injini iliwaka mara ya tatu, na tuliocheka ndio tuliopanda basi. Fiat 124 haikuwekewa tundu hilo la hendeli. Lada iliwekewa kwa sababu waliolisanifu upya walijua mnunuzi wao atakuwa wapi, katika mwezi gani, na kwamba fundi hatakuwa karibu.

Mfano huo ni mdogo. Mkubwa ni injini yenyewe, na hapa ndipo kauli ya mwandishi inaponiudhi kidogo. Injini ya Fiat 124 ilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 1,197, na ya VAZ-2101 ilikuwa na 1,198. Anayetazama namba hizo mbili pekee atasema ni injini ileile. Lakini ya Fiat ilikuwa na kemshafti, yaani mhimili unaozifungua vali, chini, ndani ya bloku ya injini, ikisukuma vali kwa njia ya vijiti virefu, wakati ya VAZ ilikuwa na kemshafti juu, kwenye silinda hedi, ikizungushwa na cheni. Si hilo tu. Silinda ya Fiat ilikuwa na kipenyo cha milimita 73 na pistoni ilisafiri milimita 71.5, ya VAZ ilikuwa na kipenyo cha milimita 76 na pistoni ilisafiri milimita 66 tu. Ujazo ukabaki karibu uleule, lakini tabia ikabadilika, kwa maana pistoni inayosafiri njia fupi hukimbia polepole zaidi kwa mzunguko uleule wa injini, na hivyo msuguano na uchakavu hupungua. Nguvu ilikuwa ya farasi takribani 64, na gari liliweza kufikia kilometa 140 kwa saa, mwendo ambao sina hakika kama barabara nyingi za huko ziliustahili.

Injini hiyo haikuwa ndani ya Fiat 124 ya sokoni hata siku moja. Upande wa Kisovieti ulisisitiza kwamba gari litakalotengenezwa kwa miaka mingi lisianze maisha yake na injini ambayo tayari ilikuwa inaelekea kupitwa, na Waitaliano, kwa sifa yao, wakaisanifu mpya pamoja nao. Nasisitiza neno pamoja, kwa kuwa sitaki kufanya kosa la upande wa pili na kudai kwamba kila kizuri ndani ya Lada kilitoka kwa Warusi. Wahandisi wa Torino walishiriki katika marekebisho mengi, na wao walikuwa na uzoefu wa kuunda magari kwa maelfu ambao wenzao hawakuwa nao. Kwa upande wa Volga, mkuu wa usanifu alikuwa Vladimir Solovyov, na mkurugenzi wa kwanza wa kiwanda alikuwa Viktor Polyakov, ambaye baadaye, mwaka 1975, aliteuliwa kuwa waziri wa viwanda vya magari.

Faida ya uamuzi ule kuhusu injini ilionekana miaka iliyofuata. Kwa kuwa bloku ilipangwa ikiwa na nafasi ya kukua, kiwanda kiliweza kutoa ukoo mzima wa injini kutokana na mpango mmoja. Kipenyo kilipopanuliwa hadi milimita 79, safari ya pistoni ikiachwa ilivyo, ilipatikana injini ya lita 1.3 ya VAZ-21011. Safari iliporefushwa hadi milimita 80 kwa kipenyo cha 76, ilipatikana ya lita 1.45 ya VAZ-2103, iliyotoka mwaka 1972. Vyote viwili vilipounganishwa, 79 kwa 80, ilipatikana injini ya takribani lita 1.6 iliyowekwa kwenye VAZ-2106 ya mwaka 1976, kisha mwaka uliofuata kwenye Niva, lile gari dogo la magurudumu manne yanayovuta ambalo baadhi ya wasomaji wako bila shaka wanalijua.

Magari sita ya kwanza yaliunganishwa tarehe 19 Aprili 1970, siku tatu kabla ya kutimia miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Lenin, na si kwa bahati. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo treni ya kwanza ya magari iliondoka kiwandani kwenda Moscow, na mnamo Desemba 1973 likatoka gari la milioni moja. Kwa nchi ambayo hadi wakati huo raia wa kawaida aliliona gari binafsi kama kitu cha daktari mkuu au mkurugenzi, hilo lilikuwa badiliko kubwa, ingawa halikuwa rahisi kama takwimu zinavyoonyesha. Bei ilikuwa kama rubeli 5,500, wakati mshahara wa wastani mwaka 1970 ulikuwa rubeli 122 kwa mwezi, kwa hiyo mtu angehitaji mshahara mzima wa karibu miaka minne, bila kula wala kuvaa, na baada ya kuwa na fedha bado angesubiri zamu yake kwenye orodha. Raia walikuja kuliita gari hilo Kopeyka, kwa jina la sarafu yao ndogo kabisa. Jina Lada lilitumika kwa magari yaliyouzwa nje, kwa kuwa Zhiguli masikioni mwa Wazungu wa Magharibi lilikaribia mno neno lenye maana isiyofaa kutajwa mbele ya wakwe.

Sitaki barua hii ionekane kama wimbo wa sifa, maana nimelalamikia magari hayo nikiwa nimelala chini yake zaidi ya mara moja. Kemshafti za injini za mwanzo zilikuwa na ugonjwa wa kulika kabla ya wakati, na fundi mwenye sikio aliutambua kwa mlio wa vali kabla hajafungua chochote. Bodi ilishika kutu. Usukani ulikuwa mzito kwenye kona finyu. Lakini kosa kubwa zaidi halikuwa la wasanifu wa 1966. Waitaliano waliacha kuunda sedani ya 124 nyumbani kwao mwaka 1974, wakaendelea na magari mapya. Kule Urusi ukoo wa 2101 uliendelea kutengenezwa kwa sura na majina mbalimbali, 2105, 2107 na mengine, hadi mwaka 2012, nchi iliyolianzisha ikiwa imeshakwisha miaka zaidi ya 20. Gari lililokuwa jibu zuri kwa swali la mwaka 1966 lilitakiwa kujibu maswali ya mwaka 2000, na halikuweza. Wanaolidharau Lada leo mara nyingi wanalikumbuka lile la mwisho, lililozeeka kiwandani, na kuhukumu nalo lile la kwanza.

Kama mwandishi angetaka kuona Fiat iliyobadilishwa jina kwelikweli, mifano ipo. Hispania waliunda 124 kwa jina la SEAT kuanzia mwaka 1968, na Uturuki waliiunda kwa jina la Murat kuanzia 1971, na magari hayo yalibaki karibu sana na yale ya Torino. Hilo si dhambi, kwa sababu hali ya Hispania haikuhitaji zaidi. Lakini kuyaweka haya na Lada katika fungu moja ni sawa na kusema kwamba jahazi na dau ni chombo kimoja kwa kuwa vyote vina tanga.

Ushahidi wangu wa mwisho hautoki Urusi. Miaka mingi iliyopita nilipitia Addis Ababa, nikazikuta teksi za Lada zimejaa mjini, zimepakwa buluu kwa chini na nyeupe kwa juu, nyingi zikiwa zimeingia nchini wakati wa utawala wa kijeshi wa Derg. Jiji lile liko zaidi ya meta 2,300 juu ya usawa wa bahari, na lina milima ndani kwa ndani. Dereva aliyenibeba alikuwa na kisanduku cha vipuri chini ya kiti, na tulipokwama kwenye mteremko alishuka, akafungua boneti, akabonyeza kilekile kiwiko cha pampu nilichokiona kwa mwalimu wangu, akarudi ndani na kuondoka, bila hata kukatiza mazungumzo yetu. Kifaa kilichowekwa kwa ajili ya Januari ya Urusi kilikuwa kinafanya kazi katika nchi isiyojua theluji, mikononi mwa mtu ambaye hakuwa na haja ya kujua kiliwekwa kwa nini.

Mwisho, Ndugu Mhariri, naomba pia maelezo ya picha iliyoambatana na makala yarekebishwe. Gari lililoonyeshwa na kuitwa VAZ-2101 lina taa nne za mviringo mbele. VAZ-2101 ina taa mbili tu. Yenye taa nne ni ama 2103 au 2106, na kwa kuwa pua ya gari lililo kwenye picha ina plastiki nyeusi pembezoni mwa taa badala ya nikeli ya kung'aa, naamini ni 2106, kwa hiyo haiwezi kuwa ya mwaka 1970 kama ilivyoandikwa, bali ya mwaka 1976 au baadaye.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa ufundi wa magari,
Tanga